HUDUMA YA KWANZA KAZINI: MAMBO YAMPASAYO MFANYA KAZI KUYAJUA

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wajumbe wa matawi. Wajumbe waliomba ichapwe, ili wenzao waliokuwa zamu siku ile nao wapate kuisoma.)



Kabla sijaanza yanipasa niseme wazi kwamba mimi si daktari wala si muuguzi. Mimi ni mfanya kazi wa karakana kama ninyi, niliyefunzwa huduma ya kwanza, na nimekuwa nikiwasaidia wakufunzi kuwafunza wenzangu. Basi nitasema kama mfanya kazi asemavyo na wenzake.

Nitaanza na habari iliyonifanya nitafute mafunzo hayo. Mwaka 2011 nilikuwa kibarua katika karakana moja ya kukata mabati. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sikuja hapa kumshitaki mtu. Asubuhi moja, yapata saa tatu, tulikuwa tukishusha mabati kutoka kwenye lori. Kamba ya fungu moja ikakatika, mabati yakateleza, na ukingo wa bati ukamkata mwenzetu pajani, juu kidogo ya goti. Akaanguka. Neno la kwanza alilosema lilikuwa hili: "Bati limeharibika?" Maana pale bati likiharibika hukatwa katika mshahara.

Tulikuwa wanaume wapatao ishirini. Mmoja alikimbia kutafuta ufunguo wa kisanduku cha dawa. Mmoja alileta ndoo ya maji akammwagia. Mmoja alitaka anywe soda apate nguvu. Wawili walimwinua wakamsimamisha, wakisema akilala atazimia. Mimi nilivua shati nikaliweka juu ya jeraha, lakini kila mara nililiinua nitazame kama damu imekoma. Ufunguo alikuwa nao karani, na karani alikuwa amekwenda benki. Kufuli lilipovunjwa, ndani ya kisanduku tulikuta vitabu viwili vya stakabadhi, pakiti ya majani ya chai, na chupa ya dawa ya jeraha iliyokauka.

Tulimpakia katika lori lile lile. Tulipofika hospitali alikuwa amekwisha kata roho. Daktari alimtazama, kisha akatuuliza swali moja tu: "Hapana mtu aliyekandamiza hapa?"

Ndugu zangu, watu ishirini tulikuwa na mikono arobaini, wala hapana mkono mmoja uliokandamiza. Hatukukosa huruma. Kila mmoja wetu alikuwa akihangaika. Tulichokosa ni ujuzi ambao mtu huweza kufundishwa kwa siku chache, na kwa hiyo nasema leo kwamba ujuzi huu si jambo la kuwaachia waajiri wala hospitali peke yao. Ajali ikitokea, daktari yuko mbali. Aliye karibu ni mwenzako wa zamu.

UJUZI HUU NI WA WATU WA KAZI

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya wasomi. Sivyo. Mwaka 1877 chama cha St John Ambulance Association kilianzishwa Uingereza ili kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kumsaidia aliyeumia kabla daktari hajafika. Miongoni mwa waliojifunza mapema walikuwa wachimba migodi, watu wa reli na polisi, kwa sababu huko ndiko watu walikokuwa wakiumia. Hapa Kenya St John Ambulance ilianza mwaka 1928. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Yote mawili hufundisha huduma ya kwanza mpaka leo.

Tena nitawapa habari moja ya mbali, kwa kuwa inatuhusu sana sisi tunaoambiwa kwamba hatukusoma. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mtaa wa Hill District ulikuwa mtaa wa watu weusi. Zamani mgonjwa wa mtaa ule alichukuliwa na gari la polisi, akalazwa nyuma, wala hapana aliyemwangalia njiani. Mwaka 1967 ilianzishwa huduma ya ambulensi iliyoitwa Freedom House. Vijana wa mtaa huo huo, wengi wao wasiokuwa na kazi na wengine ambao hawakumaliza shule, walifundishwa chini ya Daktari Peter Safar. Wakawa miongoni mwa watu wa kwanza katika Marekani yote kumtibu mgonjwa kwa ujuzi kamili ndani ya ambulensi. Huduma ile ilifungwa mwaka 1975, mji ulipoanzisha ya kwake, lakini walikuwa wamekwisha onyesha kwamba mtu akifundishwa vizuri na kupewa vifaa, huiweza kazi hii, awe ametoka shule kubwa au asitoke.

JAMBO LA KWANZA: TAZAMA MAHALI

Sasa tuingie katika mambo yenyewe. La kwanza ni gumu kuliko yote, maana linapingana na moyo. Mwenzako ameanguka, nawe wataka kumkimbilia. Simama kwanza. Tazama: ni kitu gani kilichomwangusha, na je, kipo bado?

Kama ni umeme, usimguse. Nenda ukazime swichi kubwa. Kama waya wa nguzo umeanguka barabarani, kaa mbali, wazuie watu, na uwaarifu wenye umeme. Usijaribu kuuondoa kwa ufito wala kwa kitu kingine cho chote.

Kama mtu ameanguka ndani ya tangi, shimo la maji machafu, ghala la nafaka lililofungwa au tumbo la meli, usiingie. Mahali kama hapo huenda hewa safi imekwisha au hewa ya sumu imejaa, na macho hayaioni. Ajali za namna hiyo huua kwa mfuatano. Wa kwanza huanguka, wa pili huingia kumtoa akaanguka, na wa tatu huwafuata wote wawili. Ita watu wenye vifaa vya kupumulia. Ukiweza kumvuta kwa kamba aliyokwisha kufungwa, mvute ukiwa nje.

Kama ni lori la mafuta lililopinduka, ondoka na uwaondoe wengine. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda na madebe kuchota. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Na tukumbuke tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu Nairobi. Kabla ya mlipuko mkubwa ulisikika mshindo mdogo, na watu wengi maofisini wakaenda madirishani kutazama. Mshindo mkubwa ulipokuja, vioo viliwakuta nyuso zao pale pale, na wengi wakapoteza macho. Basi ukisikia kishindo usichokijua, jitenge na dirisha.

Mwokozi aliyeumia hakumwokoa mtu. Amewaongezea wengine kazi ya kuokoa wawili.

JAMBO LA PILI: ITA MSAADA KWA MANENO YALIYO SAWA

Usipige kelele hewani, "Piteni simu!" Kila mtu atadhani mwingine amepiga. Mtazame mtu mmoja, mwelekezee kidole, umwambie: "Wewe mwenye kofia, piga simu, kisha rudi hapa uniambie walivyojibu." Mwambie mwingine akangoje langoni aonyeshe njia.

Hapa Kenya nambari za dharura ni 999 na 112, na nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Andikeni pia nambari ya hospitali iliyo karibu na kazi yenu na ya ambulensi ya kaunti, mzibandike ukutani. Anayepiga aseme mambo manne: mahali tulipo na alama iliyo karibu, kilichotokea, idadi ya walioumia, na hali yao, yaani kama wanasema, wanapumua, wanatoka damu. Asikate simu mpaka aambiwe akate.

JAMBO LA TATU: FUATA UTARATIBU

Sasa umefika kwa mgonjwa. Vaa glovu, kama hakuna, mfuko wa plastiki usio na tundu huweza kukukinga na damu ya mtu. Mwulize kwa sauti, "Ndugu, wanisikia?" huku ukimgusa bega. Kisha shughulikia mambo haya, kila moja mahali pake.

Damu. Damu ikichuruzika sana au ikiruka, hii ndiyo kazi yako ya kwanza, maana mtu aweza kuishiwa damu katika dakika chache. Chukua kitambaa safi, na kama hakuna chukua chochote kilicho karibu, ukiweke juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu, kiganja juu ya kiganja, ukitumia uzito wa mwili wako. Usiinue kutazama. Hapo ndipo mimi nilipokosa. Kila ukiinua unaivunja damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake uendelee kukandamiza. Kama kuna chuma au kioo kilichozama mwilini, usikichomoe. Kandamiza pande zake.

Damu ya mkono au mguu ikikataa kukoma, na mtu yumo hatarini kufa, funga kwa kukaza. Tumia kitambaa kipana kama vidole vitatu, si waya wala kamba nyembamba. Funga juu ya jeraha, upande ulio karibu na kiwiliwili, wala si juu ya kiungo kama goti au kiwiko. Tia kijiti, kisokote mpaka damu ikome, ukifunge kisifunguke. Andika saa uliyofunga, hata ikiwa ni kwa kalamu juu ya paji la uso wake, na usilegeze. Atakayelegeza ni daktari. Maumivu yatakuwa makali. Mwambie kwamba ndivyo inavyokuwa.

Pumzi. Kama hakuitikii, mwinamishe kichwa nyuma kidogo na kuinua kidevu, ili ulimi usizibe njia ya hewa. Tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde kumi. Akiwa anapumua vizuri, mlaze ubavu, ili akitapika matapishi yatoke nje yasimkabe, na usiondoke karibu naye.

Moyo. Kama haitikii, wala hapumui, au anakoroma na kuvuta pumzi moja moja kama samaki aliyetolewa majini, usingoje. Hiyo si pumzi. Mlaze chali mahali pagumu, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyosha mikono, na usindike chini sentimeta 5 hadi 6. Achia kifua kiinuke chote, kisha sindika tena. Mwendo wake ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Aliyefundishwa husindika mara 30, kisha humpulizia pumzi mbili, akaendelea hivyo. Asiyefundishwa asindike tu bila kukoma. Kazi hii inachosha kuliko kubeba gunia. Basi mpokezane kila dakika mbili. Mahali penye mashine ya kushtua moyo, iletwe mara moja na kuwashwa. Yenyewe humweleza mtu la kufanya.

Ilikuwa mwaka 1960 tu ambapo watafiti wa Baltimore, Marekani, walichapisha habari kwamba moyo uliosimama waweza kusukumwa kutoka nje, kwa mikono mitupu. Kabla ya hapo madaktari wengi walijua kwamba lazima kifua kipasuliwe. Leo kazi ile yaweza kuanzwa na mpishi wa kantini.

Mgongo. Mtu aliyeanguka kutoka jukwaani au aliyegongwa na gari, usimwinue wala usimkalishe. Mwambie asijigeuze. Shika kichwa chake kwa mikono miwili, kikae kama ulivyokikuta, mpaka wenye ubao wa kubebea wafike. Mtasema: je, moto ukija? Hapo mvuteni, maana moto hauna subira. Na akitapika, mgeuzeni watu kadha kwa pamoja, kichwa na mwili vikigeuka kama gogo moja.

Mwisho wa utaratibu huu: aliyeumia vibaya mlaze, mfunike blanketi au koti asipate baridi, na usimpe kitu kinywani, hata soda. Huenda akapasuliwa hospitali, na tumbo lenye kitu huleta hatari. Sema naye. Mwambie unalolifanya. Sauti ya mwenzake humtuliza.

MAJERAHA YA KILA SIKU YA KARAKANA

Moto na maji ya moto. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Tazama saa, maana dakika 20 ni nyingi kuliko mtu adhanivyo. Vua pete na saa kabla hapajavimba. Nguo iliyoshika ngozini usiibandue. Kisha funika kwa kitambaa safi au plastiki safi. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga wala yai. Najua nyumbani tulifundishwa hivyo na waliotupenda, lakini vitu hivyo huficha jeraha na kutia uchafu, na nesi atalazimika kuvikwangua.

Jicho lililoingiwa na maji ya betri, soda kali au saruji lioshwe kwa maji mengi mara hiyo hiyo, likiwa limefumbuliwa, kwa dakika 20, maji yakielekea nje yasiingie jicho la pili. Usimkimbize hospitali kabla ya kuosha, maana dawa ile itakuwa ikila jicho njia nzima.

Kidole kilichokatika kisitupwe. Kandamiza jeraha kwanza. Kisha kifunge kidole katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki uufunge, na mfuko huo uweke katika mfuko mwingine wenye maji na barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kiende pamoja na mwenyewe.

Aliyekabwa na chakula na hawezi kukohoa wala kusema, mwinamishe mbele, umpige mara 5 kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Kama hakitoki, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu mara 5. Rudia hivyo mpaka kitoke. Akiwa mama mjamzito, vuta kifuani, si tumboni.

Mwenye kifafa msimshike kwa nguvu wala msimtie kijiko mdomoni. Mwondoleeni vitu vya kumwumiza, mweke kitu laini chini ya kichwa, na mtazame saa. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, iteni ambulensi. Likikoma, mlazeni ubavu.

Aliyemwagikiwa na dawa ya kuua wadudu, vueni nguo zake, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, ninyi wenyewe mkiwa na glovu. Aliyekunywa sumu msimtapishe. Chukueni chupa au karatasi yake mwende nayo, ili daktari ajue anapigana na adui gani.

KUMFIKISHA HOSPITALI

Siku ile ya 7 Agosti 1998 watu 213 walikufa Nairobi na maelfu wakaumia. Ambulensi hazikutosha, wala mji wo wote usingekuwa nazo za kutosha. Watu walibebwa kwa matatu, kwa pikapu, kwa magari ya watu binafsi. Wananchi waliingia katika vifusi wakachimba kwa mikono. Hiyo ni sifa yetu, nami nasema kwa fahari. Lakini ni afadhali kuwa na sifa hiyo pamoja na ujuzi. Gari lo lote likibidi kuchukua mgonjwa, mtu mmoja akae naye nyuma, mkono wake ukiwa juu ya jeraha njia nzima, na mwingine apige simu hospitali ili wajiandae. Dereva asiende kama mwendawazimu. Mwenda pole hajikwai.

Nanyi mkifika mlangoni mkaambiwa leteni pesa kwanza, mjue hivi: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imelifanya kuwa kosa kwa hospitali yenye uwezo kukataa kuyatoa. Semeni hivyo kwa adabu, lakini semeni.

SHERIA YA KISANDUKU

Sasa nirudi kwenye kile kisanduku kilichofungwa kufuli. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke kisanduku cha huduma ya kwanza mahali panapofikiwa kwa urahisi. Ndani yake kisiwekwe kitu kingine ila vifaa vya huduma ya kwanza. Kiwe chini ya mtu maalum, na mahali penye wafanya kazi zaidi ya kumi mtu huyo awe amefundishwa, tena apatikane saa zote za kazi. Jina lake libandikwe ukutani. Hesabuni wenyewe: pale kwetu kifungu hicho kimoja kilikuwa kimevunjwa mara ngapi?

Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri ashughulikie safari ya aliyeumia kwenda hospitali. Mfanya kazi aliyeumia, au mtu kwa niaba yake, amwarifu mwajiri, na mwajiri amwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Ikiwa mtu amekufa, katika saa 24. Mjumbe asingoje kuambiwa. Aandike siku ile ile: saa, mahali, mashine, majina ya mashahidi. Mjane hali huruma ya mkutano. Atahitaji karatasi hiyo.

KAZI TUNAYOONDOKA NAYO

Ndugu wajumbe, sitaki tuondoke hapa tukiwa tumesikia tu. Kusikia hotuba si mafunzo. Mikono haijifunzi mpaka ifanye, na kifua cha sanamu ya mafunzo hukufundisha katika nusu saa jambo ambalo maneno yangu hayataweza. Naomba kila tawi lifanye mambo manne kabla ya mkutano ujao.

Kwanza, mjumbe akakifungue kisanduku kwa mkono wake, aandike kilichomo na kisichokuwamo. Kama kina kufuli, aulize kufuli ni la nini.

Pili, aandike ni nani aliyefundishwa katika kila zamu, zamu ya usiku ikiwamo. Aghalabu mtaona kwamba waliofundishwa wote ni watu wa ofisini, nao hutoka saa kumi na moja jioni, hali mashine hazilali.

Tatu, tawi liandike barua kwa mwajiri kudai mafunzo kwa saa za kazi na kwa malipo ya kazi. Vibarua wasiachwe nje, kwa kuwa bati halichagui mwenye kazi ya kudumu.

Nne, mfanye zoezi. Mtu mmoja ajilaze sakafuni bila kuwaonya wenzake wa zamu ile, na mwenye saa ahesabu dakika mpaka kisanduku kifike. Mtacheka mara ya kwanza. Fanyeni hata mara ya pili.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Waajiri wengine watasema kwamba haya ni gharama. Tutawajibu kwamba bendeji ni rahisi kuliko jeneza. Wenzetu wengine watasema kwamba damu inawaogofya. Hata mimi inaniogofya mpaka leo. Lakini mkono unaotetemeka hukandamiza vile vile.

Miaka imepita, nami bado nalisikia lile swali la daktari. Sina jibu la kumpa kwa mwenzetu yule. Ninachotaka ni kwamba swali hilo likiulizwa tena kwa mwanachama wetu ye yote, awepo mtu wa kusema: "Mimi nilikandamiza, daktari, na bado nimekandamiza."